Jeti ya Kabureta Haizibuliwi kwa Waya

Wiki hii nimemwona fundi ninayemheshimu, mtu mwenye miaka mingi katika kazi ya pikipiki hapa Arusha, akichomoa uzi mmoja kutoka kwenye kebo ya klachi iliyokatika, akaupitisha kwenye jeti ya kabureta ya mteja, yaani kile kiskrubu chenye tundu dogo linalopima mafuta yanayokwenda kwenye injini, akausukuma mbele na nyuma mpaka ukapita bila kukwama, kisha akaielekeza jeti juani na kuridhika kwa kuwa aliona mwanga. Nilipomwambia kwamba nyumbani ninayo mashine ndogo ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti, na kwamba kabureta ile ningeweza kumsafishia, alinijibu kuwa mashine hizo ni za watu wasioijua kazi. Jibu hilo limeniudhi, na limeniudhi zaidi kwa sababu vijana wanaojifunza kwake walikuwa wamesimama pale wakisikiliza.

Tundu la jeti ni kipimo. Namba iliyogongwa kwenye jeti, katika kabureta nyingi, hueleza upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita, na katika nyingine hueleza kiasi cha mafuta kinachopita; kwa vyovyote vile, aliyeitengeneza aliyapima kwa makini mafuta yanayotakiwa kukutana na hewa ya injini ile. Jeti hutengenezwa kwa shaba ya njano, ambayo ni laini, na waya wa kebo ni chuma kigumu, kwa hiyo kila unapousukuma ndani yake unakwangua shaba, hata kama jicho halioni tofauti yoyote. Chukua jeti ya sailensa, ile ndogo inayolisha injini inaponguruma bila kuvutwa mafuta, yenye tundu la milimita 0.38, uipanue hadi milimita 0.42 tu. Upana umeongezeka kwa sehemu nne za mia za milimita, lakini kwa kuwa mafuta hupita katika eneo lote la tundu, nafasi ya kupita imeongezeka kwa zaidi ya asilimia 20. Mteja atarudi baada ya siku chache akilalamika kwamba pikipiki inakula mafuta na plagi imekuwa nyeusi, naye fundi atamuuzia plagi mpya, kisha atakaza na kulegeza skrubu ya hewa akitafuta kitu ambacho hakipo tena, kwa sababu kipimo chenyewe kimekwisha kuharibiwa.

Sisi tunaoishi huku juu tunaumizwa na jambo hili kuliko mtu wa Tanga au Dar es Salaam. Arusha iko takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10. Kabureta ya kawaida haina namna ya kulitambua hilo, hivyo mchanganyiko wa pikipiki iliyopimwa kwa ajili ya pwani huwa na mafuta mengi kupita kiasi hata kabla fundi hajaigusa. Ukiongeza tundu lililokwanguliwa, unamwongezea hasara mtu ambaye tayari anapoteza. Fikiria bodaboda anayeshuka Moshi mjini asubuhi kutoka Kibosho na kupanda tena jioni akiwa na abiria na gunia. Kila lita inayotoka kwenye bomba la moshi kama moshi mweusi imetoka kwenye mapato ya nyumba yake, naye anaamini pikipiki imezeeka.

Mashine ninayoizungumzia haiigusi shaba kwa kitu chochote kigumu. Chini ya beseni lake vimebandikwa vifaa vinavyotetemeka, kwa mashine nyingi za ukubwa huu mara zipatazo 40,000 kwa sekunde, kiwango ambacho sikio la binadamu haliwezi kukisikia. Mtetemo huo huzaa ndani ya maji vipovu vidogo mno ambavyo hupasuka kwa nguvu kwenye uso wa chuma na kung'oa uchafu ulioshikamana nao. Kazi hiyo hufanyika mahali popote maji yanapofika, na hapo ndipo mikono yetu inaposhindwa, kwa kuwa ndani ya kabureta kuna vijia vinavyokata kona ambako waya hauwezi kupinda wala brashi haiwezi kuingia. Petroli iliyokaa muda mrefu huacha utando mgumu wa kahawia katika vijia hivyo, na vumbi letu la kiangazi hunasa juu yake. Nimesafisha kabureta ya jenereta iliyokuwa imekaa stoo, ambayo mwenyewe alikwisha kuambiwa anunue nyingine, na maji yalipobadilika rangi nilielewa ni kwa nini upepo wa kompresa peke yake haukuweza kuizibua.

Tena kuna karai la petroli la kuoshea vipuri. Takriban kila kibanda cha fundi kinalo, na anayetumbukiza mikono humo siku nzima ni yule mwanafunzi mdogo kuliko wote. Petroli ina benzini, kemikali inayojulikana kusababisha saratani ya damu. Hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi kali isiyojulikana huku kwetu, na kwa kuwa mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka kwenye jiko la mama lishe lililo hatua chache kutoka hapo. Ninawasihi mafundi wenzangu muwaonee huruma vijana hawa. Na kwa sababu hiyo hiyo, petroli isitiwe kamwe ndani ya beseni la mashine, kwa maana mashine ina umeme na ina hita, na mvuke ukishika cheche mtaipoteza karakana pamoja na watu waliomo.

Kinachotakiwa ni maji ya moto kiasi, kati ya nyuzi 50 na 60, pamoja na sabuni ya maji isiyo kali. Soda kali hula aluminiamu ya kabureta, na dawa ya kung'arishia nguo nayo huishambulia. Kabureta ifunguliwe yote, boya na oringi na utando wa mpira vitolewe, vipande vilazwe kwenye kikapu bila kugusa sakafu ya beseni, na baada ya hapo visuuzwe na kupulizwa kwa kompresa mpaka vikauke kabisa. Maji machafu yasimwagwe kwenye mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, kwa kuwa kuna watu wanaomwagilia mboga huko chini.

Ninakubali kwamba bei yake si ndogo kwa mtu anayeanza, na kwamba umeme ukikatika kazi husimama, ingawa mashine ya lita mbili au tatu hutumia umeme mdogo sana kuliko pasi. Haiondoi kaboni iliyooka juu ya pistoni, na jeti ambayo waya umekwisha kuipanua haiwezi kuirudishia kipimo chake; hiyo hubadilishwa. Beringi zilizofungwa zisiingizwe humo, kwa sababu grisi yake itaharibika.

Hata hivyo, suala la bei halinishawishi sana. Mafundi wanaokaa eneo moja wamekuwa wakichangia kompresa moja kwa miaka mingi na hakuna aliyeona aibu. Mashine hii nayo inaweza kununuliwa hivyo hivyo. Gereji za magari tayari hutumia mashine za namna hii kusafishia nozo, na hakuna mteja anayewaambia mafundi wake kwamba hawaijui kazi. Mnaponunua, hakikisheni ni ya volti 220 hadi 240, kisha ining'inizeni ndani ya maji karatasi ya aluminiamu ya kufungia chakula kwa dakika moja au mbili: ikitoka na vitundu vilivyotawanyika kila mahali, mashine ni nzima, na ikitoka kama ilivyoingia, mrudishieni muuzaji kabla hamjaondoka dukani.