Bolingi ya ndani England: chama kimoja au viwili?

Mchezo tunaouzungumzia hauna pini. Mchezaji anaviringisha tufe lililotengenezwa kupinda upande mmoja, na ushindi ni kulifikisha karibu zaidi na tufe dogo liitwalo jeki. Nchini England, ukichezwa kwenye nyasi tambarare msimamizi wake mkuu ni Bowls England, yenye makao Leamington Spa. Ukichezwa ukumbini, juu ya zulia, msimamizi ni English Indoor Bowling Association (EIBA), ya Melton Mowbray. Wachezaji kwa sehemu kubwa ni walewale: kiangazi wako nje, ikifika Oktoba wanahamia ndani. Kwa nini basi wawe na vyama viwili?

Wanaotaka muungano wana hoja nzito. Mtu mmoja anachangia ada ya taifa mara mbili, kupitia klabu yake ya nje na ya ndani. Kuna daftari mbili za wanachama na kalenda mbili zinazogongana mwezi wa Aprili na Septemba. Halafu kuna masharti ya utawala bora yaliyotolewa mwaka 2016 kwa vyama vinavyopokea fedha nyingi za umma: kila jinsia iwe na angalau asilimia 30 ya bodi, robo ya wajumbe wawe huru, na mtu asikae zaidi ya miaka 9. Masharti haya nayaunga mkono, lakini chama kinachobebwa na watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu, hakiyatimizi kirahisi. Bodi moja ingepata watu kwa urahisi kuliko bodi mbili.

Historia nayo iko upande wao. W. G. Grace, yule nguli wa kriketi, alikuwa rais wa kwanza wa chama cha mchezo wa nje mwaka 1903, na ni yeye huyohuyo aliyeuingiza mchezo ndani pale Crystal Palace, London. Mwaka 2008 chama cha wanaume na cha wanawake cha mchezo wa nje viliungana na kuzaa Bowls England, baada ya wanawake kuwa na chama chao tangu 1931. Waliohofia muungano ule leo hawasikiki sana.

Hata hivyo, mimi naona kazi ya chama cha ndani ni tofauti na inavyoonekana kwenye karatasi. Mashindano ni sehemu yake ndogo. Kazi kubwa ni kuhakikisha kumbi hazifungwi. Chukua ukumbi wa njia 6, zenye urefu wa zaidi ya mita 30 kila moja. Paa ni pana, taa zinawaka tangu asubuhi, na joto halikwepeki kwa sababu wanaocheza ni watu wa umri mkubwa na ni majira ya baridi. Zulia linachakaa na kubadilishwa kwake ni gharama ya miaka mingi ya akiba. Pango na bima hulipwa miezi 12, ilhali mapato mengi huingia kati ya Oktoba na Aprili. Mweka hazina wa ukumbi kama huo anahitaji mtu wa kumpigia simu anayejua mikataba ya umeme na majadiliano na halmashauri. Klabu ya nyasi, ambayo mara nyingi iko ndani ya bustani ya umma, ina shida zake, lakini si hizi.

Na hapo ndipo kura zinapoingia. Klabu za nje ni nyingi mara kadhaa kuliko kumbi. Katika chama kimoja, kila klabu ikiwa na kura yake, ukumbi wenye deni la paa utashindwa na klabu za nyasi kila mkutano mkuu. Tena maslahi yanagongana waziwazi: kiwanja cha nje cha nyasi bandia chenye taa kinaweza kurefusha msimu na kuwachukua walewale ambao ukumbi unawasubiri Oktoba. Nani ndani ya bodi moja atautetea ukumbi?

Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Glasgow 2026 imeongeza uzito wa jambo hili, maana bolingi imepangwa kuchezwa ndani. Hata Kenya, ambayo imewahi kupeleka wachezaji wa mchezo huu kwenye michezo hiyo, itabidi ifikirie zulia. Mchezo wa ndani haujawahi kuwa na nguvu kama hii ya kujadiliana.

Msimamo wangu ni kuunganisha ofisi na kuacha bodi zibaki mbili. Daftari la wanachama, ulinzi wa watoto, mafunzo ya makocha na waamuzi, usikilizaji wa malalamiko: yote hayo yawe mamoja, na mchezaji alipe ada moja inayogawanywa kwa kanuni iliyochapishwa. Fedha za kumbi zibaki mikononi mwa watu waliochaguliwa na kumbi. Vyama hivi viwili vilikwisha kuunda chombo cha pamoja cha maendeleo, Bowls Development Alliance, kwa hiyo kukaa meza moja si jambo geni kwao. Waanze na kalenda ya Aprili na Septemba.