Wakala wa Masomo ya Ng'ambo: Kazi Yake Iishie Wapi?

Kila mwaka, kuanzia Juni, ofisi za mawakala wa masomo ya ng'ambo jijini Nairobi hujaa wazazi wenye bahasha za vyeti, kwa kuwa vyuo vikuu vingi vya Marekani, Kanada na Uingereza huanza mwaka wa masomo kati ya Agosti na Septemba. Wapo wanaowaona mawakala hao kuwa madalali wanaokula jasho la watu, na wapo wanaoapa kwamba bila wao mtoto asingeondoka. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinachanganya kazi mbili tofauti, yaani kutafuta nafasi chuoni na kuomba viza. Katika kazi ya kwanza wakala ana faida. Katika ya pili anapaswa kukaa kando.

Hoja ya wanaowatetea si nyepesi. Mara nyingi wakala hulipwa kamisheni na chuo, kwa hiyo familia haigharamiki sana, na mtu aliyezoea kazi hiyo anajua ni kozi ipi inayopokea alama za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, moja kwa moja na ni ipi inayodai mwaka wa maandalizi. Zaidi ya hayo, maofisa wa chuo chenyewe, ambao ndio wangetarajiwa kumwongoza mwanafunzi, huzungumza kwa tahadhari kubwa. Nchini Uingereza ushauri wa uhamiaji unadhibitiwa na sheria ya mwaka 1999, na vyuo vinaruhusiwa kuwashauri wanafunzi wao ndani ya mipaka. Nchini Marekani, ofisa wa chuo anayetoa fomu ya I-20, ambayo mwanafunzi huihitaji kuombea viza, atakukumbusha kwamba yeye si wakili. Mwanafunzi wa Kayole anayeuliza kama akiba ya babake inatosha huelekezwa kwenye tovuti ya serikali, ilhali wakala humkaribisha kiti, humsikiliza na kumwambia kwamba hiyo itapita. Maneno hayo hakuna mwenye mamlaka ya kuyasema isipokuwa ofisa wa viza.

Kamisheni nayo ina mvuto wake, kwani anayelipwa na chuo hasahau ni chuo kipi kinacholipa vizuri. Hata hivyo, chuo cha Uingereza ambacho waombaji wake wananyimwa viza kupita kiwango kilichowekwa kinaweza kupoteza leseni ya kupokea wanafunzi wa kigeni, na ndiyo maana vyuo vingi humhoji mwombaji kabla ya kumpa namba ya CAS, yaani uthibitisho wa chuo ambao mwanafunzi huutumia kuombea viza. Hapo masilahi ya chuo na ya mwanafunzi yanakutana, jambo ambalo wakosoaji wa mawakala hawalitaji.

Penye hatari zaidi ni kwenye uthibitisho wa pesa. Kanuni za Uingereza zinataka karo iliyobaki na gharama za maisha, hadi za miezi 9, ziwe zimekaa kwenye akaunti kwa siku 28 mfululizo, na akaunti hiyo iwe ya mwanafunzi mwenyewe, mwenzi wake, mzazi au mlezi wa kisheria. Ikiwa ni ya mzazi, cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini huhitajika. Sasa fikiria jinsi familia ya Kikenya inavyosomesha: mjomba anatoa, chama cha kuweka akiba kinatoa, harambee inaitishwa, na shamba la Nyandarua au Kitui linauzwa. Pesa za mjomba, hata ziwe halali namna gani, hazihesabiki zikiwa kwenye akaunti yake, na hati ya shamba si pesa taslimu. Michango ya harambee inakubalika tu ikiingizwa mapema kwenye akaunti inayostahili na kuachwa itulie. Kutokana na ugumu huo kumezuka biashara ya kuazimisha pesa za kuonyesha benki, au kutengeneza taarifa ya benki kabisa. Wakala akishafanya hivyo, anayeadhibiwa ni aliyetia sahihi. Udanganyifu unaweza kumfungia mtu Uingereza kwa miaka 10 na Kanada kwa miaka 5, na Marekani marufuku yake haina mwisho isipokuwa msamaha maalumu utolewe.

Kwa Marekani, kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji kinamchukulia mwombaji kuwa anakusudia kuhamia huko hadi aonyeshe vinginevyo, na mahojiano katika ubalozi wa Gigiri huwa mafupi. Majibu ya kukariri, ambayo baadhi ya mawakala huyauza kama mazoezi, humfanya kijana ashindwe kueleza kwa maneno yake kwa nini amechagua kozi ile.

Sheria haijanyamaza kabisa. Sheria ya Vyuo Vikuu ya Kenya ya mwaka 2012 inaipa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu jukumu la kuwapa leseni wanaosajili wanafunzi, na Kanada hairuhusu mtu kulipwa kwa kumwakilisha mwombaji asipokuwa wakili au mshauri aliyeidhinishwa. Lakini leseni pekee haitoshi: mpango wa kupeleka wanafunzi Finland na Kanada uliowafanya wazazi waandamane barabarani Eldoret mwaka 2023 uliendeshwa na serikali ya Kaunti ya Uasin Gishu, wala si wakala wa kichochoroni. Hata huko, pesa za karo zilipitia mikononi mwa mtu wa kati badala ya kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo.

Kwa hiyo, mzazi anayeketi mbele ya wakala aulize kwanza karo italipwa kwenye akaunti ya nani, kisha aulize ombi la viza litafunguliwa kwa baruapepe ya nani. Likifunguliwa kwa baruapepe ya ofisi, mwanafunzi hataona kilichoandikwa kwa jina lake wala barua ya kukataliwa itakapofika, na atakapoomba tena, pengine miaka mingi baadaye, ataulizwa kuhusu majibu ambayo hakuyatoa yeye.