Ukiandika 0.1, sema ni 0.1 ya aina gani

Wadau, mi nadhani konstanti hatuzipi heshima yake. Naongelea zile namba unaziandika mwenyewe ndani ya programu, 3.14, 0.1, 0.18 ya VAT, watu wanabishana wee kuhusu fremuweki gani kali halafu hapo wanapita tu.

Juzi hapa Sinza dogo mmoja anayesoma mambo ya mvua alinionyesha hesabu zake za Fortran, ile lugha ya programu za kisayansi, kila kitu katangaza dabo, yaani desimali yenye nafasi ya biti 64, safi kabisa, ila ndani kaandika 0.1 tupu. Tukaprinti, ikatoka 0.10000000149011612. Akakodoa macho. Sasa iko hivi, kwenye Fortran desimali ikikaa tupu inasomwa kwanza kwa biti 32, yaani tarakimu kama saba tu za kuaminika, ndo baadaye inahamishiwa kwenye dabo, na kilichokatwa pale mwanzo hakirudi hata ukipe nafasi kubwa vipi. Alitakiwa aandike 0.1d0, hiyo d0 ndo inasema ni dabo, basi. Alivyoandika ikaja 0.10000000000000001, na hiyo moja ya mwisho msiilaumu Fortran, 0.1 haiishi ukiiandika kwa sifuri na moja, ni kama theluthi kwenye desimali zetu.

Hapa nawapa Java maua yao. Desimali tupu kwao ni dabo, na ukijaribu kuiweka kwenye floti, yaani desimali ya biti 32, bila kuandika f mwishoni mwake, kompaila, ile inayotafsiri programu yako, inagoma. C nayo inaihesabu dabo, ila ukiimimina kwenye floti kwa kawaida inanyamaza tu, na huko kunyamaza ndo sikupendi kabisa, lugha ikiona namba yangu inakatwa iniambie!

Na sisi wa shilingi linatuhusu zaidi, maana floti inahesabu namba nzima zote bila kuruka mpaka 16,777,216 tu. Andika 20,000,001 kwenye floti, unapata 20,000,000. Na milioni ishirini kwetu ni bei ya kiwanja au gari yuzdi, siyo hela ya kufikirika. Dabo inafika 2 kipeo cha 53, ila kwa hela mi bado nasema tumia namba nzima.

Kwa hiyo walimu wa programu mliopo mjini, kabla hamjafika kwenye lupu, naomba mumprintishe mwanafunzi 0.1 ya biti 32 na ya biti 64 kwa tarakimu 17, azione zimekaa jirani kwenye skrini.