Lipieni na siku za kuzoeana

Wiki hii nimesoma tangazo jingine la ruzuku ya kuajiri na kufundisha walezi wa zamu, wale wanaokuja kumshika mgonjwa kwa saa chache ili anayemuuguza apate kupumua. Nilifurahi mpaka nilipofika kwenye matokeo yanayotarajiwa. Kipimo ni kimoja tu: idadi ya watakaohitimu. Jambo hilo limenikaa kifuani siku mbili, naandika linitoke.

Baba yangu alipotewa na kumbukumbu taratibu, nami nikamuuguza miaka minne. Mwaka wa pili mradi mmoja ukatuletea mlezi wa zamu. Binti mwema, aliyefunzwa vizuri. Alijua kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, alijua kumkalisha wima kabla ya kumlisha asipaliwe. Alifika saa tatu asubuhi, na saa tatu na robo nilitakiwa niwe nimeshaondoka. Akamshika Baba mkono kwa nyuma ili amwinue. Baba akadhani anakamatwa. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na niliporudi nilimkuta yule binti analia jikoni. Alikuja mara moja zaidi. Wiki iliyofuata akatumwa mwingine, tukaanza upya. Kisha muda wa mradi ukaisha.

Simlaumu hata kidogo. Ni darasa gani lingemwambia kwamba Baba haguswi kwa nyuma? Kwamba kikombe chake kisipowekwa upande wa kushoto hakioni? Kwamba kila saa kumi na moja jioni huinuka kutafuta kofia aende kazini, na dawa yake ni kumpa hiyo kofia, utembee naye hadi mlangoni na kurudi, usimbishie? Hayo niliyajua mimi, na sikupewa nafasi ya kuyasema. Nilihitaji siku tatu nne za kukaa na yule binti chumbani. Kwanza yeye atazame. Halafu afanye yeye, mimi nitazame. Halafu nitoke nikae nje, karibu, niitwe nikihitajika. Ndipo niende mbali.

Siku hizo hazikuwa na fungu. Bajeti ya mafunzo huwa na ukumbi, mkufunzi, vitabu, nauli, chakula cha mchana. Saa za watu wawili kukaa na mgonjwa mmoja huonekana kama kulipa mara mbili kwa kazi moja, kwa hiyo hukatwa mapema. Mimi naamini mafunzo yenyewe yako pale. Darasani mlezi wa zamu anajifunza ugonjwa. Kumjua mgonjwa huyu, mwenye hofu zake na mazoea yake, kunafanyika kando ya kitanda chake tu. Na kuna mwanafunzi wa pili ambaye hakuna anayemkumbuka, yule anayeuguza. Naye anajifunza kumwachia mtu mwingine mzazi wake, mtoto wake, mumewe. Hilo ni somo gumu kuliko kumgeuza mgonjwa, na halimalizwi kwa robo saa.

Tusipolifundisha, huduma itakuwepo na watu hawataitumia. Marekani, katika utafiti wa mwaka 2020 wa mashirika mawili, AARP linalotetea watu wenye umri mkubwa na National Alliance for Caregiving linalotetea walezi wa familia, takriban asilimia 38 ya walezi wa familia walisema huduma ya kuwapumzisha ingewafaa, lakini waliowahi kuitumia walikuwa asilimia 14 hivi. Sababu haiwezi kuwa moja. Gharama ipo, umbali upo. Ila nina hakika wamo na waliofanya kama mimi: walijaribu mara mbili, wakaona mgonjwa anateseka, wakafunga mlango na kuendelea peke yao.

Nitakubali, kwa shingo upande, kwamba darasa lina kazi yake. Asiyefundishwa kuinua mgonjwa atajivunja mgongo na kumwangusha mgonjwa. Na nakubali kwamba wanaoandika miradi hawana nafasi kubwa ya kuchagua. Hao hao Marekani walitunga sheria mwaka 2006, Lifespan Respite Care Act, inayotaja waziwazi kuajiri na kufundisha walezi wa zamu. Iliruhusu dola milioni 289 kwa miaka mitano. Fedha za kwanza zilitoka mwaka 2009, nazo zilikuwa dola milioni 2.5. Ukipewa kidogo hivyo, utakimbilia kinachohesabika upesi, na hakuna kinachohesabika upesi kama watu waliokaa ukumbini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayepanga kipimo hajaamshwa usiku mara tano.

Kuhusu ujira: mtu mliyemfundisha kisha mkamlipa posho ya kubahatisha ataondoka, na ana haki ya kuondoka.

Kwa hiyo mnaoomba ruzuku hii, wekeni fungu la saa za kuzoeana kwa kila familia, na mlitetee linapotaka kukatwa. Mhesabu pia ni familia ngapi bado zinamwita mlezi yuleyule baada ya miezi sita. Na mkitafuta watu, waulizeni kwanza waliokwisha kuuguza wa kwao wakawazika. Wanajua mengi, na wengi wao hawajawahi kuulizwa.

Aliyenipumzisha mimi hatimaye alikuwa mama mmoja jirani, aliyemuuguza mumewe hadi mwisho. Hakuwa na cheti. Siku ya kwanza alikaa tu na Baba, wakanyamaza pamoja. Ya pili alimpa maji, kikombe kushoto. Ya tatu walikwenda mlangoni na kofia, wakarudi. Ya nne akaniambia, "Mwanangu, nenda kalale. Mimi na baba yako tumeshaelewana." Nililala tangu adhuhuri mpaka giza likaingia, na hakuna aliyeniita.