Jani na kapsuli si kitu kimoja

Waganga wa vituo vya afya hapa Bukavu wanalalamika kwamba watu wanajitibu mafua nyumbani na kufika wakiwa wamechelewa. Hawasemi uongo. Lakini neno "kujitibu" linafunga ndani ya furushi moja mambo mawili yasiyofanana, na anayekemewa zaidi ni mwenye kosa dogo.

Mama wa Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, akiona pua ya mtoto inatiririka, anatwanga tangawizi, anakamulia ndimu, anatia asali, anamfunika mtoto. Halafu anangoja. Kungoja huko ndiyo elimu yenyewe, na ndiko wakemeaji wasikokuona. Mafua huletwa na virusi vya aina zaidi ya 200. Hakuna dawa ya kuviua, na kwa kawaida mwili huvimaliza wenyewe kwa siku 7 hadi 10. Tangawizi nayo haiviui. Ila kinywaji cha moto hulainisha koo, na asali hutuliza kikohozi: mwaka 2018 mwongozo wa Uingereza uliitanguliza mbele ya antibiotiki, yaani dawa za bakteria, kwa kikohozi cha kawaida.

Sasa tazama kapsuli. Kijana anafika kwenye kibanda cha dawa, ananunua amoksisilini nne, anameza mbili leo na mbili kesho. Amoksisilini ni antibiotiki: inapiga bakteria, virusi haivigusi. Siku ya tano amepona, kama ambavyo angepona bila kumeza kitu, lakini sifa inakwenda kwa kapsuli, na habari inapita ua hadi ua: "Mimi ilinisaidia." Ujuzi wa jamii unaharibikia hapo, na bakteria wanazoea dawa. Mwaka 2019 usugu huo uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani. Kila nikisikia bibi anachekwa kwa majani yake huku kibanda kile kikiuza mchana kutwa, naumia.

Hata hivyo, si kila cha nyumbani ni salama. Asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja, inaweza kumletea botulizimu, sumu ya bakteria inayolegeza misuli. Mvuke wa mikaratusi unatisha zaidi: nilimwona mtoto wa jirani aliyepindukiwa na sufuria chini ya blanketi, ngozi ya paja ikibambuka. Na homa kali ipimwe malaria, isiitwe mafua tu.

Kinachobaki ni nimonia, ugonjwa wa mapafu, na hapo kuna hesabu ambayo mama yeyote mwenye simu anaiweza. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, aende kituoni.

Kuna wazee wanaojua hata bila saa. Jioni moja mama mzee wa mtaani kwetu aliletewa mjukuu anayekohoa. Alimfunua shati, akatazama nyama chini ya mbavu ikibonyea kila anapovuta pumzi, akasukuma kando kikombe alichokuwa amekwisha kutia asali.

"Huyu si wa tangawizi, mwanangu. Mbebe, twende."