Gari la Mjomba Lisilo na Rivasi

Yadi za magari mjini kwetu Mwanza zina desturi ambayo sijui nani aliibuni, lakini alikuwa na akili nyingi: gari linaloonyeshwa mteja halina mafuta. Yapo ya kuwasha, kulisogeza mpaka getini na kulirudisha kivulini. Taa ya njano inawaka asubuhi mpaka jioni. Ukisema unataka kulijaribu barabarani, dalali anakuonyesha ile taa kwa masikitiko. "Tungefika nalo hata Usagara, mzee wangu. Tatizo mafuta."

Mimi nauza spea, ndiyo maana Mjomba alinichukua siku ya kwenda kununua. Nikamvuta pembeni, nikamwambia tutie hata lita tano, tulizungushe mpaka lipate moto, kisha tupande nalo kilima cha Bugando turudi. Gia boksi ya otomatiki ikiwa ya baridi huwa na adabu kama mkwe mpya. Oili bado nzito, presha inapatikana hata kama klachi za ndani zimelika. Ikishapata moto oili inakuwa nyepesi, presha inashuka, na hapo ndipo unapojua umeuziwa nini.

Mjomba akanitazama kwa juu ya miwani. "Nitie mafuta kwenye gari la mtu?"

Ukaguzi wa gia boksi ukaishia hapo.

Vingine vyote vilikaguliwa. Mjomba ni mwalimu mstaafu wa jiografia, hana haraka. Aligonga bodi kwa kidole kuanzia boneti mpaka buti akisikiliza kama kuna puti. Alivua kiatu akaingia na soksi, kwa heshima ya zulia. Viti vilikuwa bado vina nailoni. Alipowasha, sauti ya dada wa Kijapani ikatoka kwenye dashibodi ikasema maneno marefu ya upole.

"Marahaba," Mjomba akaitikia.

Dalali akacheka mpaka akashika mlango. Bei haikupungua. Akamalizia na ile hadithi yao: gari lilikuwa la mama mmoja mwalimu, kazini na kanisani basi. Ukijumlisha magari yote ya akina mama walimu yanayouzwa upande wa Nyakato, hakuna mwalimu wa kike Kanda ya Ziwa anayepanda daladala. Lakini Mjomba alikuwa ameshalainika. "Mwalimu mwenzangu," akasema, na mkono ukaingia mfukoni.

Jina la gari silitaji, wenye nayo ni wengi na wengine ni wateja wangu. Nitasema tu lilikuwa otomatiki la mkanda, ile wanayoita CVT. Ndani hakuna gia moja, mbili, tatu. Kuna puli mbili na mkanda wa chuma, puli zinabana na kuachia, gari linaongeza mwendo bila kushtuka. Ni ufundi mzuri. Mwaka 1958 Waholanzi walitoa gari la DAF lenye mfumo wa namna hiyo, wakati huo kwa mikanda ya mpira, na lilikuwa na kituko kimoja: liliweza kwenda nyuma kwa kasi ileile ya kwenda mbele. Watu wakaja kufanya nalo mashindano ya kukimbia kinyumenyume.

La Mjomba lilikuwa halirudi nyuma kabisa.

Tuligundua Kirumba, pale Mwaloni. Tulikuwa tumetokea Kisesa msibani, jua kali, foleni kali, tukapitia dagaa. Mjomba akaegesha pua ikitazama magunia. Tulipomaliza kununua akaweka R, ya rivasi. Ule mlio wa ndani ukalia vizuri tu, pii, pii, pii. Akaachia breki. Kimya. Akagusa mafuta, mshale wa injini ukapanda, gari halikutikisika. Akakanyaga zaidi. Injini ikanguruma, mama muuza dagaa akahamisha beseni lake, gari likabaki pale pale, pii, pii, pii.

Vijana wa kubeba magunia wakaja bila kuitwa.

"Tusukume iwake, mzee?"

"Imewaka."

"Sasa tunasukuma ya nini?"

Swali zuri. Mjomba akashusha kioo nusu, kiyoyozi kisitoke chote, akasema, "Nyie sukumeni tu." Wakasukuma, gari linaunguruma, redio inaimba kwaya, mwenye gari ameshika usukani kwa mikono miwili anatazama kioo cha nyuma kama dereva wa kweli. Kijana mmoja, mzoefu wa mambo ya mitaani, akawa anapiga kelele, "Achia klachi! Mzee, achia klachi!" Nikamwambia haina klachi ya mguu. Akasimama akanitazama kwa huruma. "Kumbe waliwauzia nusu?"

Asubuhi iliyofuata, gari likiwa la baridi, rivasi ikaingia bila ubishi. Mjomba akanipigia simu kwa furaha: limepona. Saa tano likaugua tena.

Nikampeleka kwa fundi mmoja wa Igogo ambaye hana maneno mengi. Akafungua nati ya chini, akachukua tone la oili kidoleni, akalinusa, akamsogezea Mjomba kidole. "Nusa, mzee." Mjomba akanusa, akakunja uso. Oili ya namna hiyo ikiwa nzima haina harufu ya kumkunja mtu uso. Hii ilikuwa nyeusi na imeungua.

"Humu walitia haidroliki ya kawaida," fundi akasema. "Boksi ya mkanda inataka oili yake yenyewe. Klachi ya rivasi imekwisha. Na D ya kwenda mbele inamfuata mwenzie, tupeane muda tu."

Hapa naomba nimtetee aliyesemwa. Watu wakisikia habari hii wanasema otomatiki hazidumu, bora manyuo. Nabisha. Wateja wangu wa teksi wana Toyota IST za tangu mwaka 2003, boksi ya gia nne, na hawajawahi kuifungua. Wanachofanya ni kubadili oili, tena ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu. Boksi inauawa na yule anayesema "oili ni oili". Huyo ndiye aliyekuwa na gari hili kabla yetu, na kama kweli alikuwa mwalimu, sitaki kujua alifundisha somo gani.

Fundi akataja bei ya boksi ya mtumba kutoka Dar es Salaam. Mjomba akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Mbele linakwenda?"

"Linakwenda, mzee."

"Basi. Kwani mimi nina safari gani ya kwenda nyuma?"

Ndipo jiografia ikaingia kazini. Mtu aliyefundisha kontua, ile mistari ya ramani inayoonyesha miinuko, miaka yote ile, akiwa na gari lisilo na rivasi kwenye mji wa vilima na majabali, hashindwi. Kanuni yake ilikuwa rahisi: egesha pua ikitazama mlimani, ukitaka kuondoka weka N, gia huru, achia breki, mlima ukurudishe wenyewe. Mji mzima ukagawanyika mara mbili, kwenye mteremko na kwenye tambarare. Soko kuu hatukwenda tena, tambarare. Kirumba tambarare, tena kuna wale vijana. Capri Point safi sana. Isamilo safi kupita kiasi. Bugando ndiko alikokupenda kuliko kote. Tukawa tunakwenda hospitali kuona wagonjwa ambao Mjomba hakuwapenda hata walipokuwa wazima, kwa sababu kilima cha kule kilimkaa vizuri. Ukoo ukaanza kumsifu kwa utu.

Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, nadhani hakuna aliyefurahi kuliko yeye. Wengine walisifu kwamba foleni ya kivuko imekwisha. Yeye alinyoosha mkono juu ya maji ya ghuba akasema, "Kilomita tatu, mpwa wangu. Kilomita tatu za kwenda mbele tu." Tulikwenda Sengerema kusalimia. Tulipotaka kugeuza tulizunguka kupitia shamba la mtu, mwenye shamba akitutazama kutoka kwenye mihogo.

Tungeendelea hivyo mpaka leo kama mtoto wake wa pili asingepata mchumba Isamilo.

Siku ya kwenda kuzungumza mahari tulikuwa wanne garini: Mjomba kwenye usukani na suti ya kijivu, mimi pembeni, nyuma mshenga na Baba Mdogo wenye bahasha. Nilimwomba twende na teksi. Akasema posa haipelekwi kwa gari la kukodi wakati mzazi ana la kwake. Tulianza kupanda saa nane mchana, jua la utosi, gari lina moto tayari na D nayo imeanza kuvuta kwa uvivu.

Kichochoro chenyewe kina mawe pande zote mbili, kwanza kinapanda, kisha kinashuka kwa ghafla. Tulipofika kileleni tukawaona wakwe wamesimama nje ya geti, upande wa chini, akina mama na vitenge vya sare. Wakatuona. Vigelegele vikaanza. Mjomba, mtu wa kontua, macho yake yakatafuta mteremko wa kuegeshea, na alipomaliza kutafuta tulikuwa tumeshawapita. Niliviona vigelegele vikikatika mdomo mmoja baada ya mwingine. Mshenga akawapungia mkono kupitia dirisha, kwa kukosa la kufanya.

Mbele ya hapo njia imekwisha. Kuna jabali, kubwa kuliko nyumba wanayoishi wakwe, na sisi pua chini, tunalitazama.

Mjomba akaweka R. Pii, pii, pii. Akaachia breki, gari likasogea mbele. Akabana. Akaachia kidogo, likasogea tena. Baba Mdogo nyuma akaanza Baba Yetu.

Baba wa binti akashuka kwa mwendo wa heshima mpaka dirishani. "Mwadila," akasalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mzee mwenzangu. Tunapumzisha injini."

Wanaume wa pale ni waungwana. Wakavua makoti, wakayaweka juu ya jiwe, wakajipanga kati ya jabali na boneti, baba wa binti katikati, kiatu chake kimoja kikiwa kimekanyaga jabali kupata nguvu. Mimi, mshenga na Baba Mdogo tukaingia pembeni. Moja, mbili, tatu! Gari halikusogea hata unywele. Tena. Moja, mbili, tatu! Baba wa binti akatoa sauti ambayo haifai kusikiwa na wakwe watarajiwa. Nikachungulia ndani. Mjomba alikuwa ameweka P, ile ya kulifunga gari lisitembee, na hendibreki ameivuta mpaka mwisho, kwa usalama wetu.

"Mjomba, toa P!"

"Nikitoa si litawaangukia?"

"Mjomba, toa!"

P ikiwa imebeba uzito wa gari kwenye mteremko haitoki kwa upole. Alivuta kwa mikono miwili, kikatoka kishindo ambacho kiliwafanya akina mama waseme "Yesu!" kwa pamoja. Tukasukuma. Kila tulipopata hatua, shangazi wa binti, mama mnene mwenye kilemba cha dhahabu, alikuwa anasukumia jiwe mbele ya tairi lisirudi. Hakuna aliyemtuma. Hatua, jiwe. Hatua, jiwe. Ndani Mjomba anashika usukani, anatazama kioo, na kila baada ya muda anasema, "Vizuri, vizuri hapo." Hatua zilizobaki mpaka getini, kwa kupanda, ni nyingi kuliko unavyodhani.

Tulipoketi sebuleni hakuna aliyekuwa na koti. Maji yalinywewa kwa jagi. Mazungumzo yakaanza kwa utaratibu wake, ng'ombe wakatajwa, wakapunguzwa, mkaja wa mama ukaeleweka, blanketi la bibi likaeleweka, na mshenga wetu, ambaye kwa kweli ni fundi wa maneno, akawa anaelekea kufunga. Baba wa binti akainua kidole.

"Kuna ng'ombe mmoja hajatajwa," akasema. Akanyanyua mguu akatuonyesha kiatu. Soli ilikuwa imeachia mbele, inacheka. "Ng'ombe wa kusukuma."

Mshenga akajaribu kusema mila haimtambui ng'ombe huyo. Wazee wa pale wakashauriana kwa Kisukuma kwa muda mfupi sana, wakarudi wakasema kuanzia leo inamtambua.

Mjomba akajikohoza. Nilijua kinachokuja, nikamkanyaga mguu, nikachelewa. "Wazee wangu," akasema, "ng'ombe kwa sasa ni mgumu. Lakini kama mtaridhia, gari lile pale nje..."

"Hilo hapana!" Shangazi alikuwa jikoni, lakini alisikia. Akatokea mlangoni na jiwe lake bado mkononi. "Ng'ombe tukimchoka tutamchinja. Hilo likiingia humu ndani nani atalitoa?"