Kabla hujamwambia mtu wa Simbo ang'oe michikichi

Watu wa Dar tuna ushauri mmoja tunaougawa bure kila tukifika Kigoma, na wenyeji wameshauzoea kiasi kwamba wanauitikia kwa adabu kabla hatujaumaliza: "Ng'oeni hii ya zamani, pandeni ya kisasa." Mtu ndiyo kwanza kashuka kwenye gari, hajaonyeshwa hata choo kilipo, tayari keshawapangia watu shamba lao. Mwaka huu nimeusikia tena, nikiwa nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba ya baba mdogo wa mke wangu kule Simbo, si mbali na Ujiji. Tangu nirudi Tabata bado unanikera. Si kwamba ni ushauri wa uongo. Kinachonikera ni kwamba anayeutoa haumgharimu hata senti.

Aliyeutoa safari hii ni rafiki yetu, mfanyakazi wa benki, kijana mwerevu ambaye hajawahi kufika mwisho wa reli na tulimchukua ili akaone ziwa. Ziwa aliliona, akala migebuka hadi akanyoosha miguu, kesho yake tukampeleka shambani. Alitembea kati ya michikichi akiitazama juu, maana mingine imerefuka kupita nguzo za umeme, akatoa simu, akapiga mahesabu.

"Mzee, hii yote ni dura?"

"Ndiyo hiyo hiyo, mwanangu. Mingine nimeikuta kwa marehemu baba."

"Sasa si uing'oe yote upande tenera? Ungekuwa mbali sana, mzee wangu."

Baba mdogo alicheka, akaegemea panga lake. "Nitang'oa. Halafu hiyo miaka mitatu tunakuja kula kwako?"

Rafiki yetu naye akacheka, akadhani ni utani. Haukuwa utani, na makala hii yote inatoka kwenye swali hilo.

Kwanza nimtendee haki. Kitaalamu yuko sawa. Chikichi ya dura ina ganda nene ndani na nyama kidogo nje, na mafuta mekundu yako kwenye nyama hiyo. Tenera ni chotara wa dura na pisifera, aina isiyo na ganda: chotara huyo ana ganda jembamba, nyama nyingi, mafuta mengi zaidi kwa mkungu ule ule. Ndiyo maana mwaka 2018, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipoanzisha kampeni ya kufufua michikichi mkoani Kigoma, kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu na miche bora. Takwimu za serikali za wakati ule zilikuwa zinajirudia kwenye kila hotuba: nchi inahitaji tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka, yenyewe inazalisha tani 205,000, zilizobaki zinatoka nje. Kwa hesabu hizo, mchikichi uliochoka unaonekana kama mhalifu.

Ila mchikichi hauzai kama mahindi. Mahindi unavuna mara moja, unajaza gunia, unakaa nayo au unayauza, mwaka umeisha. Mchikichi unatoa mikungu mwaka mzima. Kuna miezi inajaa na miezi inapungua, lakini mtu akizunguka shamba hakosi cha kukata. Kwa nyumba ile ya Simbo huo ndio mshahara. Mtoto kapandwa na homa usiku, asubuhi inakatwa mikungu. Shule imedai michango, inakatwa mikungu. Kuna mwaka mambo yalibana, baba mdogo akamkodishia mfanyabiashara sehemu ya shamba kwa msimu mzima, akachukua hela yote siku moja, na ndiyo iliyompeleka binti yake chuoni. Mchikichi chotara ukipandwa leo unaanza kuzaa baada ya kama miaka mitatu, na mikungu ya kwanza ni midogo. Uzao wa kujivunia unakuja baadaye tena. Mwambie mfanyakazi yeyote wa Posta au Kariakoo kwamba tunamwachisha kazi leo, mshahara mara mbili utaanza baada ya miaka mitatu au minne, na hapo katikati ajitegemee. Uone kama atakuita mtaalamu.

Halafu kuna jambo ambalo mgeni halioni kwa kutazama juu.

Mkwe hatakiwi kuzubaazubaa jikoni kwa watu, ila mawese hukamuliwa uani, kwa hiyo nilipata kisingizio. Mikungu ilikuwa imekatwa siku kadhaa nyuma, imelazwa chini na kufunikwa majani ya migomba ili chikichi zilegee. Kijana anaipasua kwa shoka, wanawake wanapukuchua. Ina miiba ile, usiione hivi. Mama mdogo vidole vyake vimekuwa sugu, mke wangu aliyezoea keyboard alidumu muda mfupi tu akaenda kutafuta maji. Chikichi zinaingia kwenye pipa, zinachemka kwa saa nyingi, kisha zingali za moto zinamiminwa kwenye mashine. Nasema mashine, lakini ni silinda ya chuma yenye mhimili katikati na mti mrefu umefungwa juu yake, na injini ni vijana wawili wanaousukuma wakizunguka. Kinachotoka ni uji mzito wa rangi ya machungwa, mafuta na maji na tope pamoja, unaochemshwa upya kwenye sufuria mpaka mafuta yaelee yenyewe, yakatwe na kupelekwa kwenye dumu.

Mama mdogo alichota makapi yaliyotoka kwenye mashine, akayabana ngumini mbele yangu. Mafuta yakachuruzika hadi kwenye kifundo cha mkono.

"Haya nayo ni mafuta, mkwe. Sisi tunayachoma."

Kweli, makapi yale ndiyo yanayokokea moto wa pipa linalofuata. Yanawaka vizuri mno, na sasa ukijua sababu yake utasikitika. Kila kamuo, sehemu ya mafuta inarudi kuwa kuni kwa sababu silinda ile haina nguvu ya kuyatoa. Hapo mchikichi umefanya kazi yake, mkweaji amefanya kazi yake huku roho ikiwa mkononi, na hasara inatokea chini, kwenye chuma. Ukimwekea baba mdogo tenera shamba zima kesho kutwa, na silinda ikabaki ile ile, tutakuwa tumemwongezea makapi yanayowaka vizuri.

Kuna na suala la kuchelewa. Chikichi zikikaa sana baada ya kukatwa, hasa zikichubuka, tindikali inapanda. Ndiyo ile mawese inayokuwasha kooni. Mnunuzi wa mjini akiionja anashusha bei, akiuza yeye hashushi. Lakini mkulima hachelewi kwa uvivu. Mashine ni ya mtu mwingine, kuna foleni, unalipia kwa mafuta au kwa hela, na kama mikungu yako haijatosha kujaza pipa unasubiri ikatwe mingine. Mwenye pipa moja wiki hii na pipa moja wiki ijayo hana sauti kwenye foleni ile. Haya yote yanatibika bila kung'oa mti hata mmoja, na yanatibika mwaka huu huu, si baada ya miaka minne. Sijui kwa nini hayapandi kwenye majukwaa. Pengine kwa sababu waziri au mgeni anapendeza zaidi akipigwa picha anapanda mche kuliko akiwa ameshika makapi.

Sitaki nieleweke kwamba dura ibaki hadi kiama. Baba mdogo mwenyewe hataki. Kwenye pembe moja ya shamba, palipokuwa na mti uliokufa na mingine iliyozeeka hadi hakuna kijana anayekubali kuikwea, ameshatoa nafasi na kupanda chotara, ameiacha mita tisa tisa kama alivyoelekezwa, na katikati amepanda maharage na karanga. Miche ikiwa midogo jua linafika chini, kwa hiyo ile ardhi haikai bure. Maharage yanalipia palizi ya michikichi. Hiyo pembe ikianza kuzaa ndipo ataangusha pembe nyingine. Hakuna aliyemfundisha mpango huo, ni hesabu ya mtu ambaye lazima ale kila siku. Kwa maoni yangu ndiyo sera nzima ya michikichi kwa mkulima mdogo, imeshaandikwa ardhini, kazi ya sisi wengine ni kuisoma na kuigharamia.

Na miche. Hapa wenzangu wa kilimo cha simu, mnaonunua ekari Kigoma mkiwa Mbezi, sogeeni karibu. Tenera ni chotara, na chotara hajizai mwenyewe. Ukiokota mbegu chini ya tenera nzuri ukazipanda, hata kama zimechavushwa na tenera mwenzake, karibu robo ya miche itarudi kuwa dura na robo nyingine itakuwa pisifera, ambayo kwa kawaida inachanua vizuri tu lakini mikungu yake haikomai. Utaipalilia miaka hiyo yote ndipo ujue. Muuza miche wa kando ya barabara anaweza asijue tofauti, au akaijua. Jirani wa baba mdogo ana miti ya namna hiyo, mirefu, mizuri, ya kijani, watoto wanacheza chini yake. Kwa hiyo mtu wa Simbo anapotilia shaka neno "mbegu bora" msimuite mshamba. Mshamba ni aliyelipia.

Kichekesho ni sisi walaji. Dar tunasema mawese ina harufu, ni ya Waswahili wa kwao, tunataka mafuta meupe ya dukani. Sehemu kubwa ya hayo mafuta meupe yaliyosafishwa ni ya michikichi vile vile, ya Malaysia na Indonesia, yameondolewa rangi na harufu, na pamoja na rangi imeondoka ile asili ya vitamini A iliyoifanya mawese kuwa nyekundu. Tumevuka bahari kwenda kununua zao tulilolikimbia kwa harufu. Kisha tunarudi kumuuliza mzee wa Simbo kwa nini nchi inaagiza mafuta. Wali wa maharage yaliyoungwa kwa mawese mpya, ile ya juzi ambayo haijafika hata mjini, ni chakula cha kumfanya mtu ahamie mkoani. Rafiki yetu wa benki aliongeza mara mbili na bado akarudi na dumu.

Njiani kuelekea stesheni nilimtega kidogo. Nikamuuliza kama benki yake ina mkopo ambao mkulima anapewa leo, anaanza kurejesha mwaka wa tano, na dhamana ni michikichi midogo yenye maharage katikati. Akasema dhamana ingekuwa ngumu, marejesho yangekuwa magumu, na riba juu ya hapo. Basi, nikamwambia, na mzee naye alikuwa anasema hivyo hivyo. Anayetaka miti ya zamani ianguke kwa haraka, iwe serikali, kiwanda au benki, aje na hela ya kula ya miaka ile. Pasipo hiyo, itaanguka kwa mwendo wa baba mdogo, pembe kwa pembe.

Nimeacha mise, yaani kiini kilicho ndani ya kokwa ya chikichi, mwisho, na si kwa sababu ni jambo dogo. Katika nyumba ile hela ya mawese ni ya baba, na mise ni ya mama mdogo. Mafuta yakishakamuliwa, kokwa zinabaki kwenye makapi; anazichambua, anazianika, halafu yeye na wenzake wanakaa na mawe wakizipasua moja moja. Wanachopata wanamuuzia mkamuaji wa mafuta ya mise, yanayokwenda kutengeneza sabuni. Ni hela ndogo, lakini hakuna anayemuuliza ameifanyia nini. Sasa zile sifa za tenera: nyama nyingi, ganda jembamba, na kwa kawaida sehemu ya kiini inapungua. Kwa mzee ni habari njema. Kwa mama mdogo, kwa mti mmoja mmoja, huenda ni kupunguziwa, na katika mazungumzo yote yale chini ya michikichi hakuna aliyemgeukia kumuuliza.

Mimi nilimuuliza, uani, akiwa anapepeta. Hakuwa na neno baya juu ya tenera, iletwe tu. Alichotaka yeye ni mashine ya kubangulia mise, hata moja kwa kitongoji kizima, ikae karibu na kisima ambako wanawake wanapita kila siku, na isiandikishwe kwa jina la mume wa mtu.